Barua ya wazi kwa madiwani wa Bunda, Butiama na Musoma: Msimwage sato kabla ya kumtafuta ngege

Mugeta, Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara

Nakala kwa maafisa uvuvi wa wilaya na kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), kituo cha Mwanza

Waheshimiwa Madiwani,



Naandika kutoka Mugeta, upande wa Bunda usioona ziwa. Huku dagaa hutufikia kwa debe, na sato hutufikia ndani ya tenga nyuma ya pikipiki akitokea Guta au Musoma. Anapofika, bei imeshapanda na jicho lake limeshazama. Kwa hiyo sishangai wananchi wa kata za ndani wanapouliza lini na sisi tutapandikiziwa samaki kwenye malambo yetu. Swali ni la haki. Ninachoogopa ni jibu jepesi: gari moja lenye matangi, vifaranga elfu kadhaa vya sato, mgeni rasmi, picha, makofi, na kuanzia siku hiyo lambo limekuwa la sato moja kwa moja.

Ombi langu nalitaja mapema ili asiye na muda aishie hapa. Kabla halmashauri zenu hazijamwaga kifaranga hata kimoja kwenye lambo, bwawa au kijiziwa chochote cha wilaya hizi tatu, chukueni kwanza sampuli za samaki waliomo, zikapimwe vinasaba, na majibu yasomwe kwenye baraza. Maji yatakayokutwa na ngege au mbiru halisi, samaki wa asili wa ziwa letu, yasitiwe sato kamwe.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na najua somo hili huwafanya watu wasinzie. Nivumilieni.

Ziwa letu halikuwa la sato, wala la sangara. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa Ziwa Victoria, na samaki aliyemkuta amebeba biashara nzima alikuwa ngege. Graham ndiye aliyempa jina la kisayansi ambalo leo huandikwa Oreochromis esculentus. Mwenzake alikuwa mbiru, Oreochromis variabilis. Hao wawili ndio perege wa asili wa ziwa hili. Huyu tunayemwita sato, Oreochromis niloticus, aliletwa miaka ya 1950 pamoja na perege wengine wa kigeni, baada ya ngege kuanza kupungua. Nyavu za kutega za kizungu zilikuwa zimeingia ziwani tangu 1905, na Graham alishauri macho yake yasipungue inchi 5. Sharti hilo likawekwa, likaja kulegezwa, nyavu zikabana, na ngege akaendelea kushuka.

Ngege ana udhaifu mwingine usiosemwa sana mialoni. Chakula chake kikubwa ni vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, hasa vile vyenye magamba ya silika vinavyoitwa diatomu. Mashamba, miji na udongo wa mito vilipoanza kurutubisha ziwa kupita kiasi, vijimea hivyo vikapungua na nafasi yao ikachukuliwa na mwani wa kijani-buluu. Sato hula karibu kila kitu kinachopita mbele yake, kwa hiyo alistahimili. Ngege alibaki na sahani tupu.

Kisha sangara. Alipandikizwa kwa siri huko Jinja, Uganda, mwaka 1954, na baadaye kwa ruhusa rasmi mwaka 1962 na 1963. Graham alikuwa ameonya miaka zaidi ya ishirini kabla kwamba kumleta samaki mla nyama wa namna hiyo bila utafiti ni hatari. Miaka ya 1980 sangara alifumuka. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wameweka kambi Mwanza tangu 1977 waliona furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, wakipotea kwenye nyavu zao za utafiti mwaka hadi mwaka. Kati ya spishi za furu zinazokadiriwa kuzidi 500, karibu 200 zinadhaniwa zilitoweka. Sitasema sangara alituletea hasara tupu. Viwanda vya minofu vya Musoma na Mwanza, kayabo (sangara wa chumvi) iliyokwenda Kongo, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) yanayouzwa Asia, vyote hivyo vimesomesha watoto wengi, wakiwemo baadhi ya wanaosoma barua hii. Lakini hakuna aliyekaa kikao akapima kabla, na hakuna anayeweza kuturudishia kilichokwenda. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, liliwaweka ngege na mbiru wote wawili kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini.

Nisimame kidogo kwa sangara, maana ndiye anayetufundisha vinasaba vina kazi gani. Samaki wale walimwagwa wengine kimyakimya, wengine kwa ruhusa, baadhi kutoka Ziwa Albert na wachache kutoka Ziwa Turkana. Miaka ilipita, kumbukumbu zikachanganyika, na hakuna aliyejua kwa hakika sangara anayejaza ndoo za mwalo wa Mwigobero ni wa ukoo upi. Mwaka 1998 kundi la watafiti lililokuwa na mtaalamu wa Uganda, Richard Ogutu-Ohwayo, lilichapisha majibu ya vipimo: sangara wa Ziwa Victoria kwa sehemu kubwa ni wa ukoo wa Albert. Zaidi ya miaka thelathini baada ya kumwagwa, mwili wa samaki ulikuwa bado unataja kwao. Mafaili ya maofisini yameshindwa kazi hiyo mara nyingi.

Je, ngege amekwisha? La. Pale ambapo sangara hafiki, ngege alijificha. Sangara anahitaji maji yenye hewa ya kutosha, na vinamasi vya matete na mafunjo vina hewa kidogo, hivyo vikawa ukuta. Nyuma ya ukuta huo vimebaki vijiziwa vya pembeni. Kenya wana Kanyaboli kwenye kinamasi cha Yala, ambako ngege na mbiru bado wanavuliwa. Mwanza kuna Ziwa Malimbe, lililofuatiliwa na watafiti wa TAFIRI kwa miaka. Kwetu Mara kuna ardhioevu ya Mto Mara kuanzia daraja la Kirumi kwenda juu, na kuna mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe na watu. Serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya ufugaji wa samaki Korogwe na Malya mwaka 1949, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa imechimba mabwawa ya samaki karibu 8,000. Mengi yalikufa kwa kukosa matunzo. Ngege naye alibebwa akapelekwa mbali na kwao: yupo bonde la Pangani, yupo Nyumba ya Mungu, mamia ya kilomita kutoka Ziwa Victoria. Ndiyo maana nasema lambo la kijijini si shimo la maji tu. Linaweza kuwa limehifadhi mbegu ambayo ziwa lenyewe limeshaipoteza.

Sasa nifike kwenye kiini. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa na Stephanie Bradbeer pamoja na wenzake wa Uingereza na wa TAFIRI. Walipima vinasaba vya perege wa asili na wa kuletwa katika Tanzania ya kaskazini, kwenye bonde la Pangani na bonde la Ziwa Victoria. Upande wa Pangani walikuta machotara: sato aliyezaa na perege wa Jipe, sato aliyezaa na perege wa Korogwe, na kadhalika. Hawakuwa wengi ukilinganisha na samaki halisi, lakini walikuwepo. Upande wa bonde la Ziwa Victoria, katika samaki waliowapima, hawakukuta chotara hata mmoja.

Tafadhali isomeni tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wengi wetu tumekwisha kata tamaa. Tunasema sato ameshaingia kila mahali, ameshaharibu, kilichobaki ni kufuga na kula. Vipimo vinasema bado. Ngege halisi yupo kwenye baadhi ya maji ya bonde letu, na damu yake haijachanganywa. Kilichobaki kulindwa kipo, na kinalindika kwa uamuzi wa baraza la madiwani, bila kusubiri mkutano wa kimataifa.

Utafiti huohuo ulisema jambo la pili lenye uzito kuliko la kwanza. Watafiti walipima umbo la kichwa na mwili kwa makini. Samaki halisi wa spishi hizi waliweza kutofautishwa kwa umbo, ila chotara hakutambulika kwa umbo peke yake. Wazee wa mialoni wanaweza kumtenga ngege na sato kwa kumwangalia mara moja, na naheshimu jicho lao. Lakini kwa chotara jicho hilo halitoshi. Mfugaji wa huku kwetu hakubali dume asiyemjua aingie zizini, na akiingia usiku wa manane, ndama wataonyesha. Kwa perege ndama hawaonyeshi kitu. Hutambui hadi ukoo umeshageuka.

Na ukoo unaweza kugeuka haraka. Naivasha, kwa majirani zetu Wakenya, perege wa spishi moja waliletwa katika miaka ya 1920, na wengine, Oreochromis leucostictus, wakaletwa miaka ya 1950. Wakazaana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 wale wa kwanza walikuwa hawaonekani tena ziwani, wamemezwa. Haikuhitaji sumu wala kokoro. Ilitosha kuwakutanisha.

Kwa nini perege wanazaana hovyo namna hii? Jibu moja ni kwamba spishi zao hazijatengana kwa muda mrefu sana, na watoto wa mchanganyiko mara nyingi wana rutuba, si kama nyumbu wa farasi na punda. Jibu jingine limetoka kwenye maji ya Mwanza, kupitia samaki mwenye jina la mtu wa Butiama. Yupo furu anayeitwa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina hilo mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu. Pundamilia pundamilia, nduguye wa karibu, dume lake ni la rangi ya buluu. Majike huchagua wenzi kwa rangi. Kwenye visiwa vyenye maji meupe, kama Makobe katika Ghuba ya Speke, spishi hizo mbili zinabaki mbili. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji yamechafuka na mwanga hupungua haraka kwa kina, jike halioni vizuri na mpaka kati ya spishi unalegea. Ole Seehausen na wenzake waliandika hivyo mwaka 1997, na mwaka 2008 wakaonyesha jinsi jeni za jicho zenyewe zinavyohusika. (Nimefundisha miaka mingi mkoani humu, sijawahi kukuta mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kuna samaki mwenye jina la Mwalimu. Kuna sanamu za kutosha. Samaki huyu naye anastahili ukurasa.)

Malambo yetu ni maji ya tope. Ng'ombe huingia, mvua huleta udongo, rangi hupotea. Ukimweka ngege na sato kwenye maji ya namna hiyo, na ngege wakiwa wachache, jike lililokosa dume la kwao halitabaki tasa.

Nizungumzie pia kwa nini lambo ni tofauti na bahari, kwa sababu nimesikia watu wakisema samaki hurudi wenyewe. Kwenye miamba ya Mafia au Tanga, changu na tasi hutoa mayai yakachukuliwa na maji. Makinda huelea kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa, na mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini huwasafirisha. Ndiyo maana vipimo vya vinasaba vya samaki wa miamba katika bahari za joto mara nyingi huonyesha tofauti ndogo kati ya samaki walioachana kwa mamia ya kilomita. Mwamba ukivuliwa kupita kiasi, angalau kuna tumaini la wageni kutoka upande mkondo unakotoka. Perege hana utaratibu huo. Dume huchimba kiota chini, jike hutaga mayai machache tu, mamia si mamilioni, kisha huyachukua mdomoni na kuyalea humo hadi watoto waweze kuogelea, na hatari ikitokea huwarudisha mdomoni. Ni malezi mazuri, lakini watoto hawaendi popote. Lambo la Mugeta likipoteza ngege wake hakuna mkondo utakaoleta wengine. Gari la halmashauri litaleta, na gari litaleta kilichopo kwenye kituo cha vifaranga, yaani sato.

Kuna hatari nyingine ambayo wapenda uhifadhi hawapendi kuisema, nami nitaisema hata kama inapunguza nguvu ya ombi langu. Ngege aliyefungiwa kwenye bwawa dogo ana shida yake hata bila sato. Bwawa lilianzishwa na samaki wachache, kiangazi kikali kikalipunguza hadi dimbwi, wakabaki wachache zaidi, na hao ndio wakawa wazazi wa wote. Kila mara idadi inapobanwa hivyo, aina fulani za jeni hupotea kwa bahati tu, na ndugu huanza kuzaa na ndugu. Unaweza kuona bwawa limejaa samaki maelfu, huku kivinasaba wakiwa sawa na watoto wa nyumba chache. Samaki hao hudumaa, hushindwa na magonjwa, na wananchi husema, mnaona, ngege hana faida. Dawa yake ni kuwachanganya ngege wa bwawa moja na ngege wa bwawa jingine kwa mpango. Lakini wa bwawa lipi? Ukikosea, unachukua chotara na kumpeleka kwenye bwawa safi, na umeharibu mawili kwa siku moja. Bila vipimo, hata nia njema inafanya kazi ya uharibifu.

Najua mtauliza: na lishe je? Sato hukua haraka, vifaranga vyake vinapatikana, soko lipo. Sikatai. Nimemla sato jana. Afugwe kwenye vizimba vya ziwani ambako ameshakuwapo miaka sabini, Kisorya, Kibara, Musoma, kwa masharti ya wataalamu, na afugwe kwenye mabwawa ya kuchimbwa yaliyo mbali na vijito na yasiyofurika. Malambo mengi ya bara hufurika. Mvua ya masika ikizidi, maji ya upande wetu huishia Mto Rubana na Grumeti, na Grumeti huishia Ghuba ya Speke baada ya kupita kwenye Hifadhi ya Serengeti. Kifaranga kilichomwagwa Mugeta hakina mkataba wa kubaki Mugeta.

Mtaambiwa pia kwamba vifaranga ni madume matupu, hivyo havizaliani. Madume hayo hupatikana kwa kulisha vifaranga homoni mwanzoni mwa maisha yao, na kazi hiyo haifanikiwi kwa asilimia mia kila mara. Na hata ikifanikiwa, dume la sato halihitaji jike la sato likiwa na majike ya ngege mbele yake. Hoja hiyo inafaa bwawa lisilo na ndugu zake, na haina msaada hata kidogo pale penye ngege.

Kuna tena suala la ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta virusi vya perege viitwavyo TiLV kwa sato wa kufugwa na wa porini kwenye Ziwa Victoria, upande wetu na wa Uganda. Vifaranga vinaposafirishwa kutoka bonde moja kwenda jingine, virusi hupanda gari lilelile, wala havilipi nauli.

Labda kuna diwani anayesema, ngege mmoja akitoweka tutapoteza nini? Nitamjibu kwa biashara. Aina ya sato inayofugwa sana Asia, ile iliyoboreshwa kuanzia mwaka 1988 huko Ufilipino na kujulikana kwa jina la GIFT, ilitengenezwa kwa kukusanya sato wa mwituni kutoka Misri, Ghana, Senegal na Kenya, pamoja na wa kufugwa kutoka Asia, kisha kuchagua waliokua vizuri kizazi baada ya kizazi. Utajiri huo wote ulianzia kwenye samaki wa mito na maziwa ya Afrika, na ulifikiwa kwa sababu samaki hao walikuwa bado wapo na hawajachanganywa. Hata walioitengeneza walikaa miaka mingi wakikataa kuirudisha Afrika, kwa kuogopa itazaana na perege wa mwituni. Waasia wanathamini mbegu zetu kiasi hicho. Sisi tunazifunika na vifaranga vya bei nafuu kwa ajili ya picha moja ya uzinduzi. Kuhusu ngege, hajawahi kupewa programu ya kumboresha hata moja ninayoijua ya kiwango hicho. Anahukumiwa kwa kulinganishwa na samaki aliyechaguliwa kwa miongo mitatu.

Kazi ninayowaomba si kubwa. Kwa kila lambo, mtaalamu anavua samaki 30 hivi, anampiga picha kila mmoja, anakata kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, anakitia kwenye kichupa chenye spiriti na kukiandika namba, kisha anamrudisha samaki majini akiwa hai. Kichupa hakihitaji barafu. TAFIRI wana kituo Mwanza na wana kituo Sota, Rorya, ndani ya mkoa wetu. Vyuo vya uvuvi vya FETA viko Nyegezi na Gabimori, na wanafunzi wao wanatafuta kazi za vitendo kila mwaka. Watafiti wa TAFIRI, wakiwemo Asilatu Shechonge na Benjamin Ngatunga, wameshirikiana kwa miaka na George Turner wa Bangor na Martin Genner wa Bristol, na maabara za kusoma vinasaba zipo katika ushirikiano huo. Kuna hata kitabu cha kuwatambua perege wa Tanzania kilichotolewa mwaka 2018. Kinachokosekana ni halmashauri moja kusema: anzieni kwetu.

Anzeni na bwawa la Kyarano pale Butiama, na vijiziwa vya Mto Mara juu ya daraja la Kirumi, halafu malambo ya kata za bara za Bunda: Mugeta, Nyamuswa, Hunyari, Salama, Mihingo. Majibu yakija, yatangazwe kwa lugha ya kawaida kwenye mbao za ofisi za kata: hapa kuna ngege halisi, hapa kuna sato, hapa wamechanganyika. Palipo na sato tayari na hapana kingine, endeleeni na sato, hakuna wa kuwazuia. Palipo na ngege au mbiru, kikundi cha kijiji kipewe ulinzi wake kwa sheria ndogo, kama vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) vinavyopewa mialo, na kiruhusiwe kuvua na kuuza kwa kiasi, maana watu hawalindi samaki wasioruhusiwa kumla. Na pale ambapo ngege yupo safi na wengi, hapo ndipo pafanywe kituo cha vifaranga vya ngege kwa ajili ya malambo mengine ya bara. Wananchi wa kata za ndani watapata samaki, na samaki huyo atakuwa wa kwao.

Maafisa uvuvi wetu nawaomba jambo moja la ziada. Kila kifaranga kinachoingia wilayani, kutoka kituo chochote, kiandikwe: kimetoka wapi, ni spishi gani, kimewekwa wapi, siku gani. Sangara wa 1954 alihitaji maabara miongo mingi baadaye ili tujue kwao. Msiwaachie wajukuu wetu kazi hiyohiyo kwa sato wa malambo.

Waheshimiwa, kikao kijacho cha Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira kinaweza kupitisha azimio la mstari mmoja: hakuna upandikizaji wa samaki kwenye maji ya bara kabla ya majibu ya vipimo vya vinasaba. Naomba liandikwe, lipigiwe kura, na lifike baraza kamili kabla ya masika. Mkishalipitisha, tuleteeni vichupa na spiriti. Mimi na wanafunzi wangu tutakuwa lambo la kwanza alfajiri.

Wenu,
Mwalimu wa biolojia, Mugeta